Ukoo wa Kuazima

Mama anayetunza mbwa waliotelekezwa, nje kidogo ya mji wa Mthatha, huongea nao kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Kiganja chake, kinachonuka mifupa ya kuchemsha, hutangulia kwenye kila wavu wa kizimba, naye husubiri kinuswe ndipo aingie. Mchana ule wa ukungu Lindelwa alipita kutazama tu. Kijibwa cha kununua, chenye cheti cha ukoo, kilikuwa kikimngoja mjini.

"Radebe, amka baba," mtunzaji alimwambia mbwa mzee mwenye sikio lililochanika.

Lindelwa akacheka. "He, mama! Mbwa naye unamwita kwa ukoo?"

"Kwani wewe ukiheshimiwa unaitwaje? Radebe ni ukoo wangu. Nawaazima wote, mwanangu, wasilale kama wasio na kwao. Siku ya kuchukuliwa wananirudishia."

Ukungu ulitambaa juu ya mabati. Lindelwa akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye wavu kama alivyoona. Pua baridi ya yule mbwa mzee ikakigusa, ikatulia hapo.

"Dlomo," akajikuta akinong'ona, ukoo wa baba yake.

Mtunzaji alifungua komeo taratibu, wala hakumwita yule mbwa Radebe tena.