Kimio Ambacho Hakikukatwa

Mwanangu wa kike alipokuwa na miezi miwili, kila akinyonya maziwa yalimtokea puani. Anakohoa, analia, anachoka, analala na njaa yake. Mdomo wake kwa nje ulikuwa mzima, tena mzuri, kwa hiyo hakuna aliyewaza kwamba tatizo liko ndani. Majirani zangu wa Shanwe, ninakouza vitenge, walikuwa na jibu moja tu: kimio. Kile kinyama cha kooni kimekuwa kirefu, kikatwe, mtoto anyonye. Mimi mwenyewe nilikatwa nikiwa mdogo, na dada zangu wote, kwa hiyo sikuona ajabu.

Mume wangu alikataa. "Mtoto wangu hakatwi na mtu," alisema, akadhani maneno yameisha. Mimi nikishaamua jambo, hata unifungie mlango nitatokea dirishani. Wiki hiyohiyo alikwenda Majimoto kufuata mchele wa kuuza. Pikipiki yake haijafika hata barabara kubwa, mimi nimeshambeba mtoto mgongoni, naelekea Kasokola.

Mkata vimio alikuwa mzee mmoja mkulima, nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda kunawa mikono. Alinikalisha kwenye kigoda, mtoto nimempakata, akamfungua kinywa kwa mpini wa kijiko huku mimi namulika kwa tochi ya simu. Akatazama. Akaniambia nisogeze mwanga, akatazama tena.

"Mama, hapa sikati," alisema.

"Kwa nini, babu? Nimetoka mbali."

"Kimio chenyewe kimegawanyika pande mbili. Na kaakaa limeachana. Hii siyo kazi yangu. Mpeleke hospitali leo, na usipitie kwa mkataji mwingine."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimwambia nyie wazee siku hizi mmeanza kuchagua wateja. Alirudi kwenye mahindi yake. Njiani mtoto akalia, nikamshusha, nikammulika mwenyewe. Juu ya kinywa, mahali palipotakiwa kuwa na nyama, palikuwa wazi mpaka puani. Nikakaa chini kando ya barabara na kitenge changu kipya.

Hospitalini Mpanda nesi alitazama mara moja tu akajua. Akanifundisha kukamua maziwa, kumkalisha mtoto wima na kumnywesha kwa kikombe, kidogo kidogo. Kaakaa lingeshonwa Mwanza, lakini mpaka akaribie mwaka na uzito uwe umetosha. Mume wangu aliporudi nilimwambia nesi ndiye aliyegundua, akaniamini. Miezi ile yote kazi yangu ilikuwa kukamua, kunywesha na kupeleka mtoto kwenye mizani. Uzito ukishuka nagombana na kila mtu, mpaka wateja wakawa wanachungulia kwanza kabla ya kuingia dukani.

Uzito ulitosha, tukaenda Mwanza. Walimchukua asubuhi, wakampa nusu kaputi, sisi tukabaki kwenye benchi. Niliogopa kuliko siku niliyomzaa. Daktari alipotoka alikuwa anavua kofia yake.

"Tumeshona vizuri," alisema. "Atakula. Kuongea tutamfuatilia taratibu. Nilihofia nitakuta makovu, maana wengine wanaletwa wameshakatwa kimio, na nyama ya kushonea imeharibika. Huyu mmemtunza."

"Kwetu hatuna mambo hayo, daktari," mume wangu alijibu, kifua mbele.

Mimi nikatazama sakafu. Daktari akanipa pole ya uchovu, nikaitikia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote, na hakuna aliyekuwa amenigombeza.

Tuliporuhusiwa tulipanda basi la kurudi. Tulipoipita Sikonge mtoto alikuwa amelala mapajani pangu, anapumua kwa utulivu. Nikamweleza mume wangu yote: Kasokola, yule mzee, na wembe mpya nilionunua dukani mwenyewe, nikaufungua karatasi na kumkabidhi mzee kwa mkono wangu. Alitazama nje mpaka tukavuka daraja la Koga. Kisha akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto," alisema.

Alimpakata hadi Mpanda. Mikono yangu ilikuwa mitupu njia nzima, na sikuthubutu kumwomba anirudishie.