Tembe la Baba Kisiwani Mafia

Enzi zetu, na ninyi wenzangu mliokunywa maji ya korongo mtanielewa, mtu hakuhama kwa ajili ya mandhari. Alihama kwa sababu ng'ombe wamekufa, au ameolewa, au amegombana na shemeji. Leo mjukuu wangu Yona, kijana mwenye afya na kiwanja chake hapa Dodoma, ametia kompyuta kwenye mkoba na kuhamia kisiwani. Anasema anatafuta utulivu. Nilimwuliza utulivu ulipotea lini, maana tulikuwa tunakaa mtaa mmoja na kelele zote nilizozisikia zilitoka kwenye spika yake. Basi nikamwacha aende. Kuhamia kisiwani si jambo geni kwenye ukoo wetu. Mimi nilihama nikiwa bado na meno ya utoto, na hatukupiga picha hata moja.

Tulikuwa tunakaa pembezoni mwa mji, upande wa njia ya kwenda Bahi, kwenye vumbi lililokuwa linaingia mpaka kwenye ndoto. Wanaokaa pale leo wana mageti na mbwa wa kufungwa. Sisi tulikuwa na tembe. Kwa wajukuu zenu waliozaliwa penye mabati, waambieni tembe ni nyumba fupi ya miti na udongo, na paa lake ni bapa kama kiganja, limejazwa udongo juu. Kwenye lile paa mama alianika mlenda, baba alianika mtama, na sisi tulicheza mdako. Ukisikia unaitwa kutumwa dukani, unalala kifudifudi, hakuna wa kukuona. Nani leo anaweza kujificha juu ya bati saa saba mchana? Atanuka nyama choma.

Ila maji ndiyo yalikuwa kazi. Mama aliondoka jogoo hajasema, akashuka korongoni, akachimba mchanga mpaka shimo linamzidi kiuno, halafu akakaa pembeni kuyasubiri maji yajitokeze, kama mtu anayemsubiri mgonjwa afungue macho. Akipata ndoo moja amebarikiwa. Kwa hiyo sisi kuoga kulikuwa na utaratibu: uso na miguu kila siku, katikati Jumapili. Yona anaoga mara mbili kwa siku na bado anajipulizia dawa. Sijui anaficha nini.

Ukaja ukame, ng'ombe wa baba wakafa wote, akabaki dume mmoja mwenye roho mbaya, nadhani kifo chenyewe kilimwogopa. Ndipo rafiki yake mmoja akamletea habari kwamba huko Mafia kuna shamba la minazi ambamo ng'ombe wanachungwa chini ya minazi, na mwenye shamba anatafuta mchungaji wa kutoka huku kwetu, kwa kuwa watu wa kule samaki wanawajua kwa majina lakini ng'ombe akikohoa wanamkimbia. Baba akafurahi. Mama aliuliza swali moja tu, kama maji yapo. Yule rafiki akacheka mpaka akashika mbavu, akasema kule maji yako pande zote.

Mama hakumwamini. Akajaza kibuyu cha maji, akakiziba, akakibeba mapajani kwenye treni, akakibeba kichwani Dar es Salaam, akakikumbatia kwenye boti ya mizigo ambamo mimi nilitapika kila nilichokula tangu nizaliwe. Tulipoteremka, baba alivua viatu, akaingia baharini mpaka magotini, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Akageuka akamwuliza mama, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Sasa nani kayaharibu maji yote haya?"

Lakini kisima kilikuwapo. Hatua ishirini kutoka kiwanja tulichopewa, maji matamu, unainama na kata unachota. Mama akanywa, akanywa tena. Ndipo akazibua kile kibuyu chake cha Dodoma na kukimwaga kwenye shina la mpapai, polepole, kama anamzika mtu. Kuanzia siku ile mama yangu alinenepa. Akaanza kuimba asubuhi. Tukawa tunaoga na katikati siku za kazi, mpaka mdogo wangu akalalamika kwamba ngozi inaisha.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Hidaya, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika shamba zima, na mumewe Mzee Shomari, mkwezi wa minazi ambaye tangu aache kukwea alikuwa anafanya kazi ya kukaa barazani na kuona makosa ya watu. Bi Hidaya alitufundisha kula wali wa nazi. Mama alimpa mlenda mkavu, naye akaupika kwa nazi na papa, na mama akasema ni dhambi, kisha akaomba uongezwe. Sisi watoto tulipelekwa shule ya pale. Mimi nilifika darasa la tatu. La nne nililiona dirishani nikipita na ndoo. Wenzangu wa shule walituita Wabara. Walisema Wagogo kazi yao ni kuomba. Maneno haya baba aliyasikia, na yalimkaa. Akaapa mbele yetu kwamba hakuna mtu wa kisiwa kile atakayemwona Mgogo huyu ameomba chochote, hata kuti la mnazi lililoanguka lenyewe.

Na huko kila nyumba ilikuwa na paa la makuti, refu, lenye mgongo. Mwenye shamba alimwambia baba achukue makuti aezeke. Akasema mtu mzima halali chini ya majani kama kuku aliyetaga. Akajenga tembe.

Jamani, tembe, Mafia. Mchanga wa kule haushiki, kwa hiyo alizunguka wiki nzima akitafuta vichuguu, akavunja, akabeba, akachanganya na mavi ya ng'ombe wa shamba. Sisi tulikanyaga udongo mpaka vidole vikafanana na mihogo. Lilipokamilika lilikuwa tembe zuri, sisemi uongo, hata kwetu lingesifiwa. Watu walikuja kulitazama kutoka vijiji vya mbali. Watoto wakaliita nyumba isiyo na kichwa. Mzee Shomari alilizunguka mara mbili, akaegemea fimbo yake.

"Mgogo, umejenga nyumba au umejenga meza?"

Wanaume wote wa barazani walicheka. Baba angeweza kucheka nao yakaisha. Lakini baba yangu kicheko alikuwa anakitunza, anakitumia kwenye harusi tu. Akasema mbele yao wote, "Nyumba hii ikilala chini, siku hiyohiyo nafunga mizigo narudi Dodoma na watoto wangu. Na isipolala chini, mzee, utakuja kunywa uji ndani yake."

Mama alikuwa anatoka kisimani. Nilimwona alivyoitua ndoo chini.  Aliitazama ile ndoo iliyojaa mpaka inamwagika, halafu akatazama paa, halafu akatazama mawingu, ambayo siku ile hata hayakuwapo.

Vuli ikapita na vijimvua vya kuonja. Paa likavuja sehemu mbili; baba akahamisha kitanda, akasema udongo unakunywa, ukishiba utatulia. Kitanda kilihama mara nne. Usiku mmoja tulilala tumejipanga ukutani kama fimbo. Bi Hidaya akamwambia mama, "Shoga, hiyo si mvua. Hiyo ni salamu. Masika akija mwenyewe, mtaogelea humo."

Mama akaanza kujifunza kusuka makuti, akamwambia baba anajifunza mikeka. Tulisuka nyuma ya nyumba ya Bi Hidaya, mimi na wao wawili, kila mchana baba akiwa machungani. Makuti makavu unayaloweka kwanza, na mama ilimchoma roho kuona maji mazuri yanalowekewa majani. Kila mara alikuwa anayasonya. Halafu unakunja jani juu ya ufito, unashona kwa kamba nyembamba, unakunja jingine, mpaka mgongo unakataa. Hatukuwa na haja ya kuomba kuti kwa mtu. Kila asubuhi nyuma ya zizi tulikuta makuti yameanguka, mengi, yamelaliana vizuri. Mama alisema upepo wa kisiwa hiki una huruma kuliko watu wake, na Bi Hidaya akamwangalia bila kujibu, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu.

Masika akaja mwenyewe. Siku mbili mvua haikukata. Siku ya tatu alfajiri nguzo ya pembeni ikalia, paa likainama upande mmoja, tope likaanza kuteleza ukutani kama uji uliofurika chungu. Baba akaamka, akatazama ile nguzo muda mrefu. Kisha akachukua fimbo, akasema ng'ombe wanahitaji kupelekwa kwenye kilima cha mbali na hatarudi mpaka jioni. Siku nyingine zote alirudi alasiri.

Alipopotea tu minazini, Bi Hidaya akapiga kelele moja. Wanawake wakaja na majembe na vikapu, wakapanda juu, wakaushusha ule udongo wote wa vichuguu chini, huku wakiwa wamefunga kanga viunoni na mvua ikiwapiga. Nguzo ikapata pumzi, tukaitegemeza kwa boriti. Wakasimamisha fito za mgongo. Na aliyekuwa kule juu kabisa akifunga makuti kwa mikono iliyokwea minazi maisha yake yote, nani? Mzee Shomari. Mkewe alimwambia asipopanda atakula barazani na asubuhi ataoa barazani. Alifunga makuti yetu yote, analaani kila fundo.

Jioni baba akarudi, kalowa kama kitambaa cha deki. Tembe lilikuwa limesimama, kuta zake zilezile fupi, na juu lina kofia ya makuti. Wanaume wamejikunyata barazani wakingoja atakachosema. Mama alikuwa mlangoni na ile ndoo yake. 

Baba akazunguka nyumba mara moja. Akawageukia wazee. "Imelala chini?"

 Mzee Shomari akakohoa. "Haijalala, Mgogo. Meza yako imefunikwa kitambaa tu."

"Basi karibu uji," akasema baba, akainama, akaingia ndani. Nikasikia kicheko humo, kimoja, kifupi. Hatukuwa na harusi yoyote.

Tulikaa Mafia mpaka nikaolewa huku bara na mtu wa Haneti, habari yake ndefu, na yeye alikuwa na kichwa kigumu, ila siku hizi ni marehemu na sitamsema. Mama hakurudi Dodoma. Alisema hawezi kuzikwa mahali pa kiu, na kaburi lake liko karibu na kile kisima. Baba ndiye aliyekuja kukaa kwangu uzeeni. Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga bati letu, hatusikilizani, akanivuta mkono akasema karibu na sikio, "Mama yako alifariki anadhani yale makuti yaliangushwa na upepo."

Nikamtazama.

"Miezi mitatu niliyaburuta," akasema. "Nilidhani mgongo utakatika. Na upande wa mashariki alisuka legelege, nilikuwa nalowa mimi peke yangu. Sikumwambia."

Enzi zetu watu walikuwa wanadanganyana namna hiyo, kwa jasho, na nyumba inasimama.

Sasa nirudi kwa Yona. Kule kisiwani kwake kajenga, akanipigia simu ya kuonana sura, akanionyesha. Nyumba nyeupe, na paa silioni. Nikamwambia mjukuu wangu, fundi amekimbia hajamaliza. Akacheka, akasema, "Bibi, hii ndiyo ya kisasa, paa limefichwa." Nikatazama vizuri. Ilikuwa bapa kama kiganja. Nikamwambia babu yako mkuu alikuwa wa kisasa kabla yako, na yeye alikuwa na mavi ya ng'ombe. Hakupenda. Akanionyesha bahari, dafu, viti vya kulalia, na mkewe akaomba nitabasamu ili aniweke sijui wapi.

Masika ya mwaka huu akanipigia tena. Safari hii hakunionyesha bahari. Alikuwa amekaa juu ya kitanda kilichosimama katikati ya chumba, na mkewe kafunga masanduku, anasema anarudi Dodoma. Yona alikuwa ametafuta kwenye simu, amesoma, ametazama mafundi wa nchi tano wakifundisha kuziba paa, na anataka nimwambie sisi tulifanyaje. Nikaanza kumweleza habari ya fito na makuti, akanikatiza, akasema, "Bibi, hivyo vyote naweza kuagiza. Niambie tu nianzie wapi."

Wenzangu, miaka miwili yuko pale. Kuna ukuta, kuna geti, na nyuma ya ukuta, anasema, kuna bibi mmoja anayepika samaki, moshi unamkera.

Nikamwuliza yule bibi anaitwa nani.

Hakulijua jina lake. Nikadhani mtandao umekata, mpaka niliposikia matone yanagonga ndoo.