Ugonjwa wa Patroba

Zipporah aliwachukia wasomi tangu siku walipoanza kumtafutia mumewe jina. Pale kijijini Shianda jina lilikuwepo tayari: Patroba ni mlevi, basi. Aliendesha trekta la kampuni ya sukari miaka ile watu walipong'oa mahindi wapande miwa hadi mlangoni. Mwezi wa tatu alisinzia kwenye usukani akapindua tela zima mtaroni. Kampuni ikamsimamisha kazi, ikampeleka kwa mwanasaikolojia aseme ana nini.

Msomi huyo, kijana wa Nairobi mwenye soksi nyeupe, alimwita Zipporah peke yake. Akamweleza kwamba wataalamu wenyewe hawajaelewana. Wengine husema matumizi mabaya ya pombe, wengine utegemezi, wengine uraibu. Akiandika matumizi mabaya, Patroba amejitakia, atafukuzwa. Akiandika utegemezi, yaani mwili hutetemeka ukikosa pombe, huo ni ugonjwa. Atatibiwa na kurudishiwa trekta. Zipporah alisikiliza huku ulimi ukipapasa pengo la jino alilong'olewa na Patroba Krismasi iliyopita. Hilo nalo wana jina lake?

"Mama, asubuhi kabla hajanywa, yeye hutetemeka?"

Jibu la hapana lilimjaa mdomoni, tamu kabisa. Afukuzwe, akome. Lakini watoto wanne walikula kwa trekta lile na kulala katika nyumba ya kampuni. Zipporah aliimeza chuki yake kama kwinini.

"Anatetemekanga," akasema. "Mimi ndiye namshikianga kikombe."

Kijana akaandika utegemezi kwenye cheti, akaridhika na nafsi yake.

Matibabu yalikuwa yaanze Jumatatu. Jumamosi mchana Patroba alirudi nyumbani ananuka chang'aa, cheti kikiwa mfukoni. Zipporah akamwambia alichokuwa akimwambia siku zote: mlevi wee, huna haya.

Patroba alikitoa kile cheti, akakikunjua mezani polepole. "Mama Protus, mimi ni mgonjwa. Imeandikwa. Mgonjwa hagombezwangi."

Miaka kumi na minne, kila alipoitwa mlevi, Patroba aliinamisha macho, na siku mbili tatu nyumba ilipumua. Aibu ile ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo Zipporah, naye ndiye aliyekwenda kuisalimisha ofisini kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa mumewe alimkazia macho, wala hakuyainamisha.