Nilimwita Mwizi Fundi Aliyetaka Kunisaidia

Nilimwita mwizi mtu ambaye hajawahi kuniibia hata nati. Naandika hilo kwanza, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nina miaka arobaini na sita na bado nina mdomo wa mwanafunzi wa kidato cha pili!

Mimi ni mtu wa njia. Sikai. Leo Mbeya, kesho Iringa, keshokutwa nimekumbuka tu uji niliowahi kunywa Idodi nikiwa kijana, naondoka. Ndiyo maana msafiri mmoja mzungu aliponiuzia pikipiki yake kubwa pale Mbeya, nilikaribia kulia kwa furaha. Ilikuwa na kruzi! Unabonyeza kitufe, pikipiki inashika mwendo yenyewe, mkono unapumzika.

Ila hiyo kruzi ilikuwa inakatika. Si kila siku, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Kuanzia Makambako hadi Nyololo, kwenye baridi na ukungu, inashika, inaachia, inashika, inaachia. Nikishuka Ipogolo, pale Iringa, kwenye joto, imetulia kama haijawahi kuugua.

Ipogolo alikuwepo Lazaro, fundi. Tulikalia dawati moja sekondari, tukala maharage yenye wadudu sahani moja.

"Kamwene, kaka! Leo umeniletea ndege?"

"Nimekuletea mgonjwa."

Akaijaribu barabarani mara tano. Haikukatika hata mara moja. Akanieleza kwamba kruzi hujizima breki ikiguswa hata kidogo, kwa hiyo ugonjwa wa kukatika-katika huanza kutafutwa kwenye swichi ya breki. Akaifungua, akaisafisha, akairudisha.

"Lakini sijaridhika," akasema. "Kesho twende wote mpaka Nyololo. Mimi nitakuwa nyuma yako, naangalia taa ya breki. Ikiwaka na wewe hujashika breki, tumemkamata mchawi."

"Wewe ni fundi au mpelelezi? Kesho nina safari."

"Basi niambie, ukiwa kule juu unaiendeshaje? Kuna kitu unaongeza?"

"Naongeza mafuta!" Nikacheka peke yangu. Mjinga mimi!

Nikaenda Idodi. Kruzi ikashika vizuri kabisa. Siku ya kurudi Mbeya, kabla tu ya kufika Nyololo, ikakatika. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikasimama kando ya barabara, nikarekodi sauti, nikairusha kwenye kundi letu la simu la waendesha pikipiki: "Jamani, Lazaro wa Ipogolo ni mwizi! Amechomoa swichi yangu nzima, akaniwekea mbovu!"

Ushahidi? Sikuwa nao! Nilikuwa na hasira tu.

Nikasogea hadi kwa mama mmoja muuza chai. Kwa hasira hiyohiyo nikaacha ufunguo umewashwa. Sijafikisha nusu kikombe, mama akaniambia, "Baba, mbona ile taa nyekundu ya nyuma inawaka? Si utamaliza betri?"

Nikatazama. Taa ya breki. Na mikono yangu yote miwili imeshika kikombe cha chai!

Ilikuwa ile mifuko. Sisi watu wa nyanda za juu tunaijua: mifuko ya turubai tunayofunga kwenye usukani ili vidole visigande. Kila bodaboda wa Mufindi anayo. Kwenye pikipiki ndogo haina shida, hakuna kruzi ya kukatika. Yangu niliishona mwenyewe, nikaibana mno. Nilikuwa naifunga kila nikiingia kwenye baridi na kuivua kabla ya kushuka Ipogolo, kwa hiyo Lazaro hakuiona kamwe. Upepo ukiisukuma, inaminya mkono wa breki. Nikaiinua, taa ikazima. Nikaiachia, ikawaka.

Nilijua ukweli chai yangu ikiwa bado ya moto. Na nikanyamaza!

Kwa nini? Kwa sababu kundi lilikuwa limeshachachamaa. "Asante kaka, umetuokoa." "Huyo fundi nilimshuku siku nyingi." Nilisifiwa, nami nikapenda kusifiwa. Nikajidanganya kwamba maneno yatapoa.

Hayakupoa. Miezi miwili baadaye, Makambako, dereva asiyenijua akanishika bega. "Broo, ukifika Ipogolo usimpe pikipiki fundi Lazaro. Sikiliza hii." Akanichezea sauti yangu mwenyewe. Nikatamani nijitapike!

Nikaenda Ipogolo moja kwa moja. Karakana imefungwa. Usharika wa pale ulikuwa umemnyang'anya kazi ya kutengeneza pikipiki za wainjilisti, na wateja wengine wakafuata. Nilimkuta nyumbani kwake, anapalilia vitunguu. Nikapiga magoti.

"Lazaro, nimekuja kukuambia ukweli. Hukuiba."

Hakuacha jembe. "Hilo nalijua, kaka. Wasiolijua umewaambia wangapi?"

Nikabaki palepale kwenye tuta, magoti yamezama udongoni.

"Basi simama. Unavunja vitunguu vyangu."

Jioni ileile nikaandika kwenye kundi. Walinijibu watu wawili, mmoja kwa kicheko. Uongo wangu ulikuwa umekimbia mkoa mzima. Ukweli ukachechemea kidogo, ukakaa chini. Nikaenda kwa viongozi wa usharika, wakanisikiliza, wakasema watakaa kikao. Mpaka leo naambiwa wanakaa.

Wewe unayesoma, chombo kikikugomea, mwambie fundi kila ulichokifunga juu yake, hata kama unaona aibu au unaona ni upuuzi. Na ukiwa na hasira, weka simu mfukoni! Ukimtukana mtu mbele ya watu mia, usiende kumwomba radhi chumbani. Nenda mbele ya watu haohao mia, tena usichelewe kama mimi.

Na ukitumiwa sauti ya mwanamume anayefoka kuhusu fundi wa Ipogolo, upepo ukivuma nyuma yake, huyo ni mimi. Ninasema uongo. Ifute.