Siku Bibi Ndeshi Alipofundisha Historia Darasa la Sita

Enzi zetu, mtoto wa shule ya msingi huku mlimani alifika darasani akiwa ameshafanya kazi ya mtu mzima. Jumatatu kuni, Jumatano samadi ya bustani ya shule, Ijumaa ndoo ya maji ya kunyunyizia sakafu isitimke vumbi. Tulipanda kilima pekupeku, ukungu umelala juu ya migomba, na mfukoni una ndizi ya kuchoma ambayo ikifika saa nne imekuwa ngumu kama sabuni ya mche. Wasichana tulicheza rede mpaka kola zikachanika. Ukichelewa kuhesabiwa namba asubuhi, fimbo. Ukiwahi bila kuni, fimbo. Wanangu wakinisikia wanacheka, "Mama, hiyo ilikuwa jela." Nawaacha. Wao wanapelekwa na bodaboda hadi getini, na bado wanafika wamechoka.

Lakini kumbukumbu zangu za shule hazina utamu wanaousema wenzangu tukikutana misibani. Kila nikianza na rede naishia darasa la sita, mwaka ambao bibi yangu mzaa baba, Bibi Ndeshi, alisimama mbele ya ubao wetu, na sisi wenyewe tukamwondoa.

Mwalimu wetu wa Historia aliitwa Eliamini. Alikuwa kijana aliyetoka chuoni karibuni, mwenye koti moja la kahawia alilovaa jua na mvua. Kitabu chetu kilianza na wageni: nani alifika kwanza, nani aliona theluji, nani alipanda mlima. Siku moja alitusomea habari za Mzungu aliyefika kileleni, akafunga kitabu, akauliza, "Na mizigo yake ilipandishwa na nani?"

Tukaanza kupekua kitabu kutafuta jina.

"Kitabu nacho hakijui," akasema. Akatupa kazi. Kila mmoja amwendee mtu mzee kuliko wote nyumbani kwao, amwulize alikatazwa nini wakati wa mkoloni, na alifanya nini alipokatazwa. Tuandike kwenye daftari jipya.

Bibi Ndeshi aliishi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba, katika nyumba yake ndogo nyuma ya zizi. Hakuwa mtu wa maneno. Aliniita nimenye naye ndizi za mtori, na mazungumzo yote yakawa, "Menya ganda, usimenye ndizi." Jioni ile nilimwuliza swali la mwalimu. Kisu chake kikasimama.

"Nani anataka kujua?"

"Mwalimu, Bibi."

"Mwalimu wa serikali?"

"Ndiyo."

Alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi. Kisha akasema, "Mwambie nitakuja mwenyewe. Haya wewe utayaandika vibaya."

Alikuja Alhamisi, amevaa kama anakwenda kupokea Chakula cha Bwana: kitenge cha ibada, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya Krismasi. Darasa zima tukasimama, "Shikamoo, Bibi!" Akaitikia marahaba, akatuambia tukae. Yeye kiti alikikataa.

Alitusimulia habari za mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na mababu zetu kutoka msituni. Shamba la juu ya kijiji lilikuwa limechukuliwa na kupewa mlowezi mmoja, na mfongo ulipita humo. Mwaka wa kiangazi kikali yule bwana akauziba, maji yote yakabaki kwenye kahawa yake. Migomba ikanyauka, ng'ombe wakaanza kulala chini wasiinuke.

"Wanaume walikuwa wanaandika barua bomani," Bibi alisema. "Barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sisi tulikuwa na watoto wenye kiu."

Kwa desturi, mwanamke hakugusa kazi ya mfongo. Bibi na wanawake wenzake walichukua majembe, wakapanda mchana kweupe, wakabomoa tuta. Maji yakashuka. Baada yake wakashuka askari. Hakimu aliwauliza kiongozi wao ni nani.

"Nikasema ni mimi. Hakuna aliyenichagua. Ila aliyesimama kando yangu alikuwa mjamzito."

Wakamfunga mjini Moshi. Nyumbani aliacha mtoto mchanga wa kike, bado ananyonya. Mtoto akapewa maziwa ya ng'ombe, akaanza kuharisha. "Niliporudi nilionyeshwa mahali walipomzika. Majani yalikuwa yameshaota. Baba yake huyu," akaninyooshea kidole, "alizaliwa baada ya huyo."

Msichana mmoja nyuma akauliza, "Bibi, ulijuta?"

"Kwa mtoto, kila siku. Kwa mfongo, hapana. Haukuzibwa tena. Maji mnayomwagilia bustani yenu ndiyo yale."

Alitutajia majina ya wale wanawake mmoja mmoja. Alitaja na jina la mtoto. Niliyaandika yote kwa mwandiko wangu bora. Tangu siku ile, maji yale nilipoyachota sikuweza kuyamwaga ovyo.

Baba aliposikia, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Wakati ule nafasi za sekondari zilikuwa za kugombaniwa. Darasa zima liliweza kutoa mtoto mmoja, au lisitoe. "Mama amekwenda kulia mbele ya watoto wa watu," alisema, "na mtihani wa la saba uko mlangoni." Akakusanya wazazi wenzake, wakaenda shuleni. Na kwa kuwa bibi alikuwa wangu, mimi niliitwa ofisini.

Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma ya meza. Baba ameketi, kofia magotini. Mwalimu Eliamini amesimama dirishani.

"Aika, yale ya bibi yako yamo kwenye muhtasari wa somo?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Yataulizwa kwenye mtihani?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi yamekusaidia nini?"

Nilimtazama Baba. Nilitaka sekondari kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Nikasema, "Hayajanisaidia kitu."

Mwalimu Eliamini hakugeuka. Alasiri ile daftari zetu zilikusanywa, tukaambiwa zitatunzwa stoo. Haikupita wiki, maandazi ya mama wa kantini yakawa yanafungwa kwa karatasi zenye miandiko yetu. Tuliyala. Muhula uliofuata mwalimu alihamishiwa tambarare, na baadaye nikasikia ameacha chaki, analima mpunga Chekereni.

Nilipofika nyumbani siku ile, Bibi alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho.

"Umesema kweli," akaniambia. "Mtihani hauniulizi mimi."

Nilifaulu. Kijiji kilichinja mbuzi. Bibi alikuja kunipongeza kama jirani, akanishika mkono, akarudi kwake. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na kati yetu neno la mfongo halikurudi.

Sasa mimi ni muuguzi mjini, nywele zimeanza mvi, na shule nazo zimebadilika. Siku hizi kila mtoto lazima asome historia ya nchi yake. Mwaka huu kitinda mimba wangu, Neema, alirudi na kazi ya nyumbani: amhoji mzee kuhusu watu waliodai haki zao katika eneo lake. Alikaa kwenye kochi na simu yake, na kabla chai haijapoa alikuwa amemaliza. Aliandika habari za mama wa Marekani aliyekataa kuinuka kwenye kiti cha basi.

"Umemhoji mzee gani?"

"Mama, ningekuhoji wewe ungenuna."

Nikamwambia aandike habari za bibi yangu. Nikamsimulia, na kwa mara ya kwanza niliona ameweka simu chini. Kisha akaanza kuuliza. Wale wanawake waliitwa nani? Ilikuwa mwaka gani? Yule mtoto aliitwa nani?

Sikukumbuka. Nilikumbuka viatu vya Bibi, nilikumbuka kitambaa, jina hata moja halikuja. Jumamosi tukapanda kijijini kwa Baba, mzee sasa, anayeshinda kwenye kiti chake barazani. Neema akamwuliza yule dada yake aliyekufa mchanga aliitwaje. Baba akanigeukia mimi.

"Mama alilitaja hilo jina?" akauliza. "Mimi sikuwahi kumwuliza."

Neema aliandika tulichokuwa nacho, chini ya habari za mama wa basi. Karatasi ilirudi na wino mwekundu ubavuni mwa habari za Bibi: "Ushahidi uko wapi?" Habari za mama wa basi zilipata alama zote. Simwonei wivu mama yule. Watu wake walimwuliza jina, wakaliandika.

Enzi zetu kijiji kilijaa wazee wenye habari, na ratiba ya shule haikuwa na nafasi yao. Leo nafasi ipo, kila wiki, kwenye ratiba iliyopigwa chapa vizuri na kubandikwa ukutani. Tangu mwezi uliopita nazunguka vihamba vya majirani na Neema, tukimtafuta hata mwanamke mmoja wa wale waliobeba majembe. Tunakaribishwa vizuri, tunapewa chai, tunaulizwa habari za mjini. Kisha tunapelekwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, tunaonyeshwa kaburi.