Siku Niliyovaa Sare ya Wafungwa

Mwezi jana nilivaa sare ya wafungwa kwa hiari yangu mwenyewe, na mpaka sasa najilaumu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nachunguza maisha ya wafungwa katika gereza moja karibu na Kisumu. Kila nilipowauliza swali, walimtazama askari kwanza, kisha wakajibu, "Hakuna shida, Bwana." Nilitamani sana kujua wanaongea nini nikiwa sipo. Nikamwomba mkuu wa gereza aniruhusu nishinde nao kama mwenzao. Alicheka, akakubali, mradi ninyoe afro yangu.

Asubuhi tulipelekwa mtaa wa Milimani kufyeka nyasi katika nyua za watu. Nikafanya kazi kando ya mfungwa mmoja mcheshi, Mzee Odera.

"Kijana, wewe uliletwa na makosa gani?" akaniuliza.

Sikuwa nimejiandaa. "Niliiba ng'ombe, Mzee. Nilikosa mahari."

Alinihurumia, akaanza kunieleza nani huuza tumbaku ndani na wimbo upi huimbwa askari mkali akikaribia. Nilinogewa hata sikuangalia tumeingia ua wa nani, mpaka mama mmoja akasimama mbele yangu. Alikuwa mamake Akinyi, mchumba wangu. Jumamosi iliyofuata ndiyo nilitarajiwa kupeleka mahari.

"Ouma? Ni wewe?"

Mzee Odera alivua kofia, akanitetea kwa upole.

"Mama, samehe huyu kijana. Yeye aliiba ng'ombe juu ya mahari tu. Anampenda huyo msichana kabisa."