Slaidi ya picha moja ilivyoninyima ajira kule Nyarugusu

Wakuu, habari za muda huu.

Nimesoma humu jamaa anasifia slaidi za uzinduzi wa simu. Ukuta mweusi, simu moja katikati, neno moja, basi. Mwingine akasema huo ubunifu umeletwa juzi juzi na watu wa kompyuta.

Tangu asubuhi naandika nafuta. Elimu yangu ni darasa la saba, mtanisahihisha. Ila haya niliyaona mwenyewe, na nisipokuwa na uhakika nitasema.

Miaka ya tisini nilikuwa Kahama, naandika vibao vya maduka kwa rangi. Saluni, hoteli, fundi saa. Leo kazi ipo, kesho hakuna.

Mhindi mmoja mwenye duka la mashine, Bwana Amirali, akaleta pampu mpya za maji za petroli kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yalikuwa yanajaa maji na watu wanayaacha. Akapanga uzinduzi Nyarugusu, kwenye machimbo ya Geita.

Akaniambia, "Wewe chora picha. Pampu zikitoka siku hiyo, nakuajiri dukani. Mshahara kila mwezi."

Mke wangu akaanza kuishi na huo mshahara kichwani. Mimi pia, nisimsingizie peke yake.

Kutoka Dar akaja Injinia Temba, wa kuzieleza hizo pampu, na projekta. Siyo hizi za sasa. Ile ya kioo na taa chini, unalaza karatasi ya nailoni juu, picha inapanda ukutani.

Karatasi alizokuja nazo zilijaa maneno kama gazeti. Akazitupa mwenyewe.

"Mtu akiwa anasoma hakusikilizi," akasema. "Kila karatasi kitu kimoja. Mengine nitasema kwa mdomo."

Nikachora. Ya kwanza tone la maji. Ya pili pampu peke yake. Ya tatu duara kama limekatwa ubavuni, maji chini, na pampu imekaa kwenye kibaraza cha miti karibu na maji, kwa sababu ikibaki juu kabisa haiwezi kuvuta kutoka kina kile.

Nafasi tupu kila mahali. Niliona aibu, kama kazi haijaisha. Nikaongeza kichaka mdomoni mwa duara. Temba akakifuta kwa mate.

Niseme haki yake: kwenye karatasi yake ya kusomea kulikuwa na mstari kuhusu moshi wa injini. Ulikuwa wa mwisho kabisa, lakini ulikuwepo.

Tukafanyia kwenye ghala la zamani la pamba, jenereta inanguruma nje. Wachimbaji wakajaa.

Tone likapanda ukutani. Sauti ikatoka nyuma, "Mchoraji, rangi iliisha?" Ghala zima likacheka. Nikatamani kuondoka.

Ya tatu ilipopanda, hakuna aliyecheka.

Mbele alikaa Mama Shija, mwenye duara lililokuwa limejaa maji. Bwana Amirali alimtegemea yeye anunue kwanza, wengine wamfuate. Kijana wake mmoja wa kazi, Masanja, akainuka, akaokota kokoto sakafuni, akaja mpaka kwenye projekta. Akaiweka juu ya kioo, ndani ya duara langu.

"Mimi hapa," akasema.

Hapa nieleze kidogo. Kwa kina Mama Shija, kabla ya kushuka wanachora picha ya duara lao ardhini kwa kijiti. Kila anayeshuka anaweka kijiwe pale atakapofanyia kazi. Likibomoka, walio juu wanajua waanze kufukua wapi. Sijui kama migodi mingine wanafanya hivyo. Kwao, duara lililochorwa tupu lilikuwa linawasubiri wao.

Mwingine akaja na kokoto yake. "Sogea Masanja, kulia ni kwangu. Mbona kokoto kubwa, nani alikwambia una mwili wa hivyo?"

"Huo ni ugali wa mayu," Masanja akajibu, yaani wa mama, akimnyooshea kidole Mama Shija.

Wakacheka tena. Wengine nao wakaweka kokoto zao, ukutani vikawa vivuli vyeusi, vimeizunguka pampu.

Mama Shija akavitazama, akamgeukia Temba.

"Injinia, hii inakunywa petroli?"

"Ndiyo, mama."

"Moshi wake unapita wapi?"

Kwenye picha njia ilikuwa moja tu, shimo lenyewe, na ilikuwa imejaa watu. Kila mtu aliiona.

Bwana Amirali alikuwa nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Weka nyingine. Weka nyingine haraka!"

Nilishika pembe ya karatasi. Nikiivuta, kokoto zinaanguka zote. Wakuu, sikuivuta. Mpaka leo sijui kama ni ujasiri au vidole viligoma.

Temba akaangalia ukuta, akakunja karatasi yake.

"Mama, moshi utabaki humo humo. Injini ikiwaka, watu wote wawe juu. Ikizimwa, wasishuke mpaka hewa iingie."

"Na tukingoja hewa, maji yanarudi?"

"Yanarudi."

"Wabeja," akasema, yaani asante, akasimama. Ghala likatoka naye.

Haikuuzwa pampu hata moja. Bwana Amirali si mtu mbaya. Njiani alimfokea Temba kwamba hakuwahi kumwambia habari ya moshi, na nadhani alisema kweli. Kwangu alisema maneno machache: "Picha nzuri. Kazi sina."

Mke wangu aliacha kuuhesabu ule mshahara. Mama Shija aliacha duara lake, akaenda kuuza mchele, kwa hiyo naye alipoteza. Siwezi kujigamba niliokoa mtu. Labda wangeshusha ile pampu na lisitokee lolote.

Nilichojifunza ni kidogo. Slaidi yenye vitu vichache haimfanyi mtu kuwa mkweli wala mwongo. Kipimo ni pale swali linapokuja: unaiacha ukutani, au unaipitisha?

Sasa ninyi mnaotengeneza slaidi maofisini. Tajiri yuko nyuma ya sikio, nyumbani wanasubiri mshahara. Mkono wako ungefanya nini? Nichaneni tu kama nilikosea, nitasoma yote.